Mkono wa Mama Songa

Kwenye karatasi za ofisi alikuwa mpishi mkuu. Wanafunzi walimwita Mama Songa, kwa sababu neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni lilikuwa hilo hilo: "Songa! Songa mbele wewe, umesimama kama nguzo, unangoja upakwe rangi?" Alisimama nyuma ya dirisha la kupakulia, upawa mkononi, na shule nzima ya bweni ikapita mbele yake na sahani. Ukimletea uso wa kununa, alikupunguzia maharage. Ukimwambia asante kwa sauti ya kujipendekeza, alikupunguzia pia.

Mimi nilikuwa mchochea moto wake. Wanafunzi hao hao waliniita Majivu, na jina likaning'ang'ania mpaka mke wangu naye akalizoea. Nilipasua kuni, nikawasha, nikachochea, nikazoa. Nimefanya kazi chini ya mwanamke yule karibu utu uzima wangu wote na sikumbuki siku aliyonisifu. Siku hizi wapo watu wanaomtaja kwa sauti ya huruma, "maskini mama wa watu," na mimi hukereka sana. Hakuwa maskini wa kitu. Alikuwa mkali, mjeuri, mwenye ulimi wa kumchana mtu mbele ya wanawe, na mimi nilimpenda hivyo hivyo alivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Masufuria yetu mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Mwiko ulikuwa mrefu kuliko mtoto wa kidato cha kwanza. Chumvi ilikaa kwenye ndoo, na Mama Songa aliitia kwa konzi: anachota, anazungusha mkono kuanzia begani, anairusha juu ya sufuria itawanyike, mara moja, mara mbili, mara tatu, kulingana na kilichomo. Kuonja haonji. Wapishi wa zamani wa mashuleni hawaonji, maana ukionja masufuria yote yale kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, ulimi unakufa ganzi, na wake ulikuwa umekufa siku nyingi. Aliniambia mwenyewe kwamba mdomoni mwake chumvi na mchanga ni mamoja. Aliyejua alikuwa mkono. Sijapata kuuona ukikosea, hata mwaka ule tulipopikia mahafali naye ana homa ya kutetemeka.

Kisha bodi ya shule ikapata mzabuni. Mzabuni alikuja na majiko ya gesi, na vijana waliovaa kofia nyeupe, na maneno mengi juu ya usafi. Sisi wa jikoni tukaitwa ukumbini siku ya Ijumaa, tukakalishwa kwenye viti vya wageni. Mhasibu akasimama akatoa hotuba ya kutuvisha vilemba vya ukoka: nguzo za shule, walezi wa taifa, hatutawasahau. Halafu kila mpishi akapewa chupa ya chai iliyofungwa kwenye karatasi ya maua.

Mama Songa hakuifungua yake. Aliuliza, "Jumatatu atapika nani?"

"Mama, wewe sasa pumzika," mhasibu akamjibu kwa tabasamu. "Umefanya kazi ya kutosha."

"Sikuuliza nimefanya kazi kiasi gani. Nimeuliza Jumatatu atapika nani."

Watu wakacheka. Hata wapishi wenzake walicheka, wale aliokuwa amewafokea miaka yote. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yao. Akaambiwa chumba chake cha nyumba za wafanyakazi kinatakiwa kabla mwezi haujaisha. Mimi walinisahau. Nilibaki nafagia uwanja na hakuna aliyejisumbua kunifukuza.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, keshia wa benki, aliyeolewa na fundi wa majokofu. Walikaa ghorofa ya tatu na watoto wao wawili. Fundi alikuwa mtu mpole, wa kusema taratibu na kucheka kwa mabega bila kutoa sauti, na alikuwa na presha. Binti alifika na gari la kukodi kumchukua mama yake. Akautazama mwiko uliofungwa pamoja na magodoro akasema, "Mama, hilo nalo la nini? Jiko langu lote halifiki urefu huo." Mwiko ukabaki kwangu.

Na kweli, jiko la binti lilikuwa la kusimama mtu mmoja na mawazo yake. Ukigeuka, kiwiko kinagonga jokofu. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa ya kutosha watu sita wasio na njaa. Mama Songa alipoiona mara ya kwanza aliuliza ni ya kuchemshia maziwa ya mtoto yupi.

Lakini alikuwa haishi bila kupika, kwa hiyo akaanza kupika. Binti alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jioni, na chakula chake alikula huko huko kazini, maana alikuwa anajipunguza mwili. Watoto walionja kijiko kimoja cha maharage ya bibi, wakakimbilia mkate. Akabaki mkwe. Na mkwe gani mwenye adabu atakayemrudishia mama mkwe sahani? Fundi alikula yote, akashushia jagi la maji, akasema, "Mama, nimeshiba, mikono yako salama." Bibi akafurahi. Kila siku alimwongezea.

Mkono ule, nawaambieni, haukujua kupunguza. Alijitahidi. Alinieleza kwamba alikuwa anachota nusu ya konzi, halafu robo, na hapo alijiona bahili wa kupindukia. Lakini robo ya konzi iliyozoea kulisha shule, kwenye sufuria ile, ni sumu. Na ulimi wa kumwonya hakuwa nao.

Mwezi wa pili fundi alianguka kazini, mbele ya jokofu la mteja. Kiharusi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto ukalala. Nilikwenda hospitali na mfuko wa machungwa, nikawakuta kwenye korido, mama kwenye benchi, binti amesimama mbele yake na mfuko wa chumvi mtupu aliokuja nao kutoka nyumbani.

"Huu nilinunua mwanzo wa wiki," binti alisema. Hakupaza sauti, ndiyo maana watu wote waligeuka. "Umelisha watoto wa watu miaka yote hiyo, hakuna aliyekufa. Wangu mmoja tu ndiye umeamua umuue?"

Mama Songa, ambaye nilimwona akimjibu mkaguzi wa serikali mpaka mtu wa watu akatafuta kofia yake, alitazama tu mkono wake wa kulia kama kitu alichookota.

Tangu siku hiyo jiko likafungwa. Binti alipika alfajiri, akaweka chakula kwenye mabakuli mezani, akafunga mlango wa jiko na funguo akaenda nazo benki. Bibi alishinda kwenye kiti cha sebuleni, akiutazama ule mlango. Mimi siwezi kumlaumu binti kwa kumlinda mumewe. Namlaumu kwa kukiweka kile kiti mahali pale, maana sebule ilikuwa na nafasi nyingine tatu za kukiweka.

Basi hapo ndipo bibi alipoanza kuharibika. Usingizi ukamkimbia. Chakula akawa anakigusa gusa na kukisukuma. Alilia bila kuulizwa, akiwa anavaa viatu, akiwa anatazama taarifa ya habari. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Mara moja, kwenye foleni ya duka la chini, aliwafokea watu "Songa!" kwa ile sauti yake ya zamani, watu wakamcheka, akarudi juu bila sabuni aliyotumwa na hakutoka tena. Wajukuu walianza kumwogopa, halafu wakaanza kumwigiza, na hilo la pili ni baya zaidi.

Kila mtu akawa daktari. Jirani wa mlango wa pili akasema mama huyu ametupiwa kitu. Dada yake fundi akasema anajifanya, anakwepa lawama. Binti akasema anadeka.

Nilipomtembelea nilimkuta amevaa kanga ya jana, nywele hazijachanwa, yeye aliyekuwa akinirudisha bombani nikija jikoni na kucha chafu.

"Majivu," akaniambia, "moyo unanigonga kama mtu anayedai afunguliwe mlango. Bora siku ile ningeteleza nikatumbukia kwenye sufuria, mkanipakua na maharage."

Nilicheka, kwa sababu ni maneno yake hasa. Kisha nikaona yeye hacheki. Nikamngoja binti arudi nikamwambia mama yako anazungumzia kufa. Binti akavua viatu vyake vya kazi, akajisugua visigino. "Mjomba Majivu, mimi nina mgonjwa mmoja wa kweli ndani ya nyumba hii. Sina nafasi ya wa pili wa kuigiza."

Nilimfokea. Nilimwita majina ambayo sitayarudia hapa. Nadhani alishtuka zaidi kuona Majivu, mzoa majivu, anamfokea sebuleni kwake. Kesho yake akaomba ruhusa kazini, tukampeleka mama kliniki sote wawili, maana kwa binti peke yake alikataa kunyanyuka kitini.

Mshauri wa afya ya akili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kutazama saa. Alimuuliza lini ilianza, alilalaje zamani, alikula nini jana. Kisha akamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mama, umewahi kufikiria kujidhuru?"

"Nimefikiria," Mama Songa akajibu. "Lakini ghorofa ya tatu si ya kuaminika. Mtu anaweza kuvunjika mguu tu, halafu akalazwa kwa huyu binti."

Binti akatoa mguno. Mshauri hakucheka wala hakushangaa. "Basi dirisha fungeni," akamwambia binti. "Jiko mfungue."

Akatueleza. Alisema hili lina jina lake na linajulikana: ni kushindwa kuzoea badiliko. Mtu anapokea pigo, ameachishwa kazi, amehama, ameachwa, amefiwa na aina ya maisha aliyoyajua, na akili inagoma kuifuata hali mpya. Kila mtu huumia kidogo akibadilishiwa maisha, akasema, na kwa kawaida hupita. Kwa mwingine maumivu yanazidi kiasi, yanashika mwili, yanamzuia kula, kulala, kukaa na watu, na huanza ndani ya miezi michache tu baada ya lile pigo. Si wazimu. Si uzee, na hajatupiwa kitu na mtu. Wala hadeki.

"Kwa hiyo ni ugonjwa wa kukosa kazi," binti akasema. "Na sisi wote tukistaafu tutalia hivi?"

"Wewe unaweza usilie," mshauri akamjibu na kupenga kamasi. "Mama yako alipoteza kazi, nyumba, na jina lake siku moja. Halafu akabebeshwa na lawama za ugonjwa wa mkwe. Wewe ungeanza kulilia lipi?"

Dawa aliyotoa ilikuwa mazungumzo, kila wiki aende pale. Atoke nje kila siku. Wanaomjua waje kumwona. Na arudishwe jikoni, kidogo kidogo, afundishwe kipimo kipya, ili mikono ipate kazi na mkwe asipate madhara. Wengi hupona, akasema, wakisaidiwa, na hawachukui muda mrefu sana.

Binti alifuata maagizo yote. Sitamnyima haki yake. Ila aliyafuata kama askari jela anavyofuata ratiba. Jioni alimsimamisha mama yake mbele ya lile jiko na kijiko cha chai. "Kijiko kimoja. Kisawazishe kwa kisu. Kisu, mama, sio kidole." Mkono wa mama ukienda wenyewe kwenye kopo, binti aliupiga. Sio kwa nguvu. Lakini aliupiga, kama anavyopigwa mtoto anayegusa pasi, na wajukuu waliokuwa mlangoni wakaimba, "Bibi amekosea! Bibi amekosea!" Kila alipojisahau, binti alimwonyesha fundi, ambaye sasa alikuwa amerudishwa nyumbani, kwenye kochi, mdomo upande. "Mtazame. Mtazame kwanza, ndio utie."

Kwa hiyo alimtazama kwanza, ndipo akatia. Alijifunza. Alipima chumvi, akapima mafuta, mwishowe akawa anapima hata maji ya chai. Akaanza kulala. Akaanza kula. Alikwenda kwa mshauri kila wiki na akawa anarudi na masimulizi ya kumsengenya, dalili nzuri hiyo. Nilipomtembelea alinifokea kwa kuingia na viatu, nikashukuru. Fundi alikula chakula chake kisicho na ladha yoyote, akasema kwa mdomo wake mzito, "Mama, mikono yako salama," na safari hii ilikuwa kweli. Amepona, watu wakasema. Na alikuwa amepona. Mimi mwenyewe nilisema hivyo.

Shule nayo ikawa haina raha. Chakula cha mzabuni kiliwaumiza matumbo watoto wa bweni zima, wazazi wakaja juu, na mzabuni akang'oa majiko yake katikati ya muhula akaondoka na vijana wake wa kofia nyeupe, isipokuwa wasichana wawili waliosema hawana pa kwenda. Masufuria yetu yalikuwa yamewekwa chini ya michirizi ya paa kukinga maji ya mvua. Mwalimu mkuu alinikuta nafagia, akasimama akanitazama kama mtu anayekumbuka alikoweka miwani.

"Majivu, yule mama yako yuko wapi? Mwambie aje Jumatatu. Jioni nitampigia mwenyewe."

Sikumngoja apige. Nilikwenda siku hiyo hiyo, Jumapili, nikapanda zile ngazi bila kupumzika. Nilipomwambia, Mama Songa alikuwa anamenya kitunguu. Alikiweka chini taratibu, akafuta mikono, akakaa. Sijawahi kumwona na uso ule, wala sikujua anao.

Binti akatoka chumbani. "Mama, usiende. Nakuomba. Mshauri alisema kazi yoyote uanze taratibu. Waambie utapikia walimu kwanza, sufuria moja, mbili."

"Mshauri hajawahi kupikia shule."

"Mama, ndio kwanza unalala."

"Wewe umenifundisha kupikia wagonjwa," Mama Songa akamwambia mwanawe, "nami nimejifunza, asante. Sasa niache nikapikie watu wenye afya zao."

Fundi alikuwa pale pale kwenye kochi, mkono wake umelala mapajani. Akatazama chini. Mama Songa alimwona anavyotazama chini, na hakuomba radhi. Alikuwa ameshaanza kutafuta aproni yake.

Jumatatu nilikuwa nimeyasugua masufuria mpaka vidole vikachubuka. Moto niliwasha mzuri kuliko yote niliyowahi kuwasha. Alifika, akauangalia, akasema, "Huu moto au mshumaa?" Nilitaka kulia kwa furaha. Mwiko nilimletea mwenyewe kutoka kwangu. Aliuingiza kwenye maharage akausukuma kwa kiuno kama zamani, akawapangia wale wasichana wawili kazi, akamtukana mmoja kwa kukata vitunguu vikubwa. Kila kitu kilikwenda sawa hadi saa ya chumvi.

Nilimwekea ndoo karibu. Akachota konzi. Akainua mkono, ukafika usawa wa bega, ukasimama. Ulibaki pale juu. Chumvi ikaanza kuvuja kati ya vidole, ikamwagika sakafuni.

"Hii ni nyingi, Majivu."

"Ndio kiasi chako hicho."

"Ni nyingi. Itaua mtu."

"Hiyo ni sufuria ya shule, dada. Mwaga tu."

Akarudisha chumvi ndooni. Akachota tena, pungufu. Akainua. Nikaona jasho linamtoka kwenye paji, si jasho la moto, hilo nalijua. Akashusha mkono, akageuka kwa wale wasichana akasema kwa sauti ndogo, "Nipeni kijiko cha chai."

Walidhani anatania, wakacheka. Alipokichukua kweli, na kisu akakitafuta, na akaanza kusawazisha kijiko kimoja kimoja juu ya sufuria ambayo mtu angeweza kuoga ndani, walicheka mpaka wakashikana. Alihesabu kwa sauti. Akapotea katikati. Akaanza upya. Nilichota konzi nitie mwenyewe, akanipiga mkono. "Mtazame kwanza," akaniambia, na sijui alikuwa anamwambia nani. Akachovya mwiko akaonja, yeye ambaye haonji, akabaki ameshika mdomo wake, maana ulimi ulikuwa kimya kama siku zote. "Nionjee wewe." Nikaonja, nikasema haina chumvi kabisa. Hakuniamini. Mimi, aliyenijua miaka yote ile, hakuniamini.

Kengele ikagonga. Akasikia miguu ya wanafunzi inakuja. Hapo akafumba macho, akachota ndooni kwa mikono miwili, akatupa kwenye sufuria za mwisho, konzi juu ya konzi, haraka haraka, kama anayefukia kitu.

Watoto wa sufuria za kwanza walikula maharage ya maji matupu. Wa sufuria za mwisho walitema mezani. Wadogo hawakumjua ni nani. Wakubwa walimjua, na ndio walioanza kupiga sahani kwa vijiko, wote pamoja, ukumbi mzima, mpaka mwalimu mkuu akaja. Akaonja huku, akaonja kule. Alimshika Mama Songa begani, mbele ya shule, akamwambia kwa upole wote alionao, "Mama, umezeeka. Ungetuambia tu. Hatungekusumbua."

Ningemsamehe kama angemtukana. Tusi Mama Songa angelijibu.

Akaagiza chakula kimwagwe na watoto wapewe chai na mkate. Wale wasichana wakaja na ndoo. Mama Songa akawaondoa. Alishika mpini mmoja wa sufuria, mimi mwingine, tukaburuta mpaka kwenye shimo la taka, tukamwaga. Tukarudi tukachukua nyingine. Wanafunzi walijaa madirishani kutazama. Ya mwisho alitaka kuiburuta peke yake, akashindwa, akaniachia.

Binti alikuja baadaye. Mtu alikuwa amempigia simu benki. Alikuja na sare yake ya kazi, anatembea haraka kwenye vumbi na viatu vya kisigino, na mimi nikakaa tayari. Nilijua atakalosema, na nilikuwa nimeshamwandalia majibu. Mama Songa alikuwa amekaa kwenye gogo la kupasulia kuni, mikono magotini. Binti akamtazama mama yake, akatazama shimo, akatazama ile mikono. Hakusema "nilikuambia". Alichuchumaa pale pale kwenye majivu na sare yake, akaushika mkono wa kulia wa mama yake, akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Nisamehe mama. Ni mimi. Nisamehe."

Mama Songa akamtoa chumvi iliyotoka vidoleni mwake ikaganda kwenye mkono wa sare. Alimpangusa uso kwa pindo la aproni. Nilingoja amfokee, nilitamani amfokee, hata amwambie tu asimame atachafuka.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Mimi nimeshazoea."

Kisha akasimama, akauliza fundi atakula nini jioni, wakaondoka wameshikana mikono. Nilikwenda kumwagia maji moto wangu.